UZI: Wanandoa tunaozeekea Marekani, nani aanze kuchukua Social Security na nani angoje?

Mzee wa Kibubu (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu, na shikamooni mlionitangulia.

Naishi Columbus, Ohio, tangu mwaka 1995, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeipitisha nyuma ya usukani wa lori. Oktoba mwaka huu wa 2026 natimiza miaka 64. Mke wangu ana miaka 57. Alikuja baadaye, akalea watoto, kisha akaanza kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba za kulelea.

Mwezi uliopita tulikuwa msibani kwa mwenzetu mmoja. Baada ya dua, wanaume tukabaki uani na chai ya tangawizi, mazungumzo yakaangukia Social Security, yaani mfuko wa serikali ya Marekani wa mafao ya uzeeni. Kauli iliyotawala ilikuwa kwamba mtu akishafika miaka 62 achukue chake, kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa kesho. Niliporudi nyumbani nilichapisha taarifa zetu wote wawili kutoka kwenye tovuti ya Social Security, tukazitandaza juu ya meza ya jikoni, mke wangu akavaa miwani yake na mimi yangu, tukakaa na kikokotoo mpaka saa saba usiku. Nataka kuwaeleza tulichokiona, kisha mnisahihishe.

Kiasi changu cha msingi, yaani ninachostahili nikianza katika umri kamili wa kustaafu, ni dola 2,400 kwa mwezi. Kwa sisi tuliozaliwa mwaka 1960 na kuendelea, umri huo ni miaka 67, kutokana na mabadiliko ya sheria ya mwaka 1983. Kama ningeanza nikiwa na 62 ningepunguziwa asilimia 30 na kubaki na dola 1,680. Nikianza Oktoba hii napata asilimia 80, ambayo ni dola 1,920. Nikivuka 67 bila kuchukua, kila mwaka wa kungoja unaniongezea asilimia 8 ya kiasi cha msingi mpaka nifike 70, na hapo ni dola 2,976. Baada ya 70 hakuna nyongeza nyingine ya kungoja. Nyongeza za kila mwaka za kufidia mfumuko wa bei, kama ile ya asilimia 2.8 ya mwaka huu, ni jambo jingine, nazo humfikia kila mtu.

Wale wa uani huishia hapa. Nao hesabu yao si ya kipuuzi: nikichukua sasa, kufikia miaka 70 nitakuwa nimeshapokea dola 138,240, na ile tofauti ya dola 1,056 kwa mwezi italazimika kufanya kazi kwa takribani miezi 131 kabla ya kuzifidia. Hapo nitakuwa na miaka 81 kasoro mwezi mmoja hivi. Dereva wa lori mwenye shinikizo la damu akiambiwa angoje ili afaidi baada ya 81, ana haki ya kucheka.

Lakini tulipofika kwenye karatasi ya mke wangu, swali likageuka. Kiasi chake cha msingi ni dola 1,000. Siku mmoja wetu akifariki, nyumba haiendelei kupokea hundi mbili. Anayebaki anashika ile kubwa, na ndogo inakoma. Kwa hiyo hundi yangu haitazikwa pamoja nami. Mimi nimemzidi mke wangu miaka saba, na wanawake kwa kawaida huishi zaidi yetu. Tuseme nifariki nikiwa na 80, naye ana 73. Nikiwa nimengoja mpaka 70, atapokea dola 2,976. Nikiwa nimechukua Oktoba hii, atapokea dola 1,980. Tofauti ni dola 996 kila mwezi, na akijaaliwa kufika 90 ni zaidi ya dola 203,000 kwa thamani ya leo.

Mtauliza imekuwaje mjane apate 1,980 wakati mimi ningekuwa napokea 1,920. Sheria ina sakafu: mwenzi aliyeanza mapema akifariki, anayebaki, ikiwa naye ametimiza umri kamili, hupewa kile marehemu alichokuwa akipokea au asilimia 82.5 ya kiasi cha msingi cha marehemu, kilicho kikubwa. Kwa hiyo mume akianza akiwa na 62, 63 au 64, mjane wake huangukia palepale. Uamuzi wetu unaanza kumgusa baada ya hapo, na kila mwezi wa kungoja unampandisha mpaka 70.

Sasa niguse mafao ya mwenza mume akiwa hai, kwa sababu hapa ndipo nilipokuta upotoshaji mwingi. Mwenza anaweza kupata mpaka nusu ya kiasi cha msingi cha mwenzake, akianza katika umri wake kamili. Nusu hiyo inahesabiwa kwenye 2,400 zangu, wala si kwenye 2,976; kungoja kwangu hakuiongezi hata senti. Wala hapati nusu hiyo juu ya mafao yake. Anapewa kwanza ya kwake, kisha anajaziwa pengo. Nusu yangu ni 1,200, yake ni 1,000, pengo ni 200. Akianza mapema, vyote viwili hupunguzwa, na pengo halifunguki mpaka mimi mwenyewe niwe nimeomba mafao yangu.

Kuna wazee wetu wanaoshauri mtu achukue nusu ya mwenzake kwanza huku mafao yake mwenyewe yakikua hadi 70. Kwao ilikuwa kweli. Sheria ya bajeti ya mwaka 2015 ilifunga mlango huo kwa kila aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1954 au baadaye. Ukiomba kimoja, umehesabiwa kuomba vyote unavyostahili wakati huo.

Mwelekeo wetu kwa sasa ni kwamba mimi ningoje, na yeye akitaka aanze mapema. Akianza na 62 mafao yake yatakuwa dola 700, nami nitakuwa na 69, kwa hiyo zitatusukuma kidogo kabla yangu hazijafunguka. Hasara ya kuanza kwake mapema si kubwa kwa nyumba yetu, kwa kuwa hundi yake ndiyo itakayokoma yeyote atakayetangulia.

Nakaribisha hoja.

Mtumishi wa Mungu 7

Mkuu, kikokotoo chako kimesahau jambo moja: mfuko wenyewe unaishiwa. Hata wao wanakiri. Wewe unangoja mpaka 2032, wenzako wanasema 2033 kibubu kitupu. Si bora uchukue kilichopo?

Mzee wa Kibubu

Kaka, hofu hiyo ninayo pia, na nimeisoma kwa makini. Ripoti ya wadhamini ya mwaka 2025 inasema kwamba akiba ya mfuko wa wastaafu na warithi itamalizika mwaka 2033 iwapo Bunge la Marekani halitafanya lolote. Lakini akiba ni sehemu tu ya mfuko. Sehemu kubwa ya malipo hutokana na makato ya mishahara yanayoingia kila siku, na ripoti hiyohiyo inasema makato yatatosha kulipa asilimia 77 ya mafao. Upungufu huo ni mkubwa, siupuuzi.

Ninachouliza ni hiki: ukipunguzwa mkate, anayepunguziwa ni nani? Sijaona popote palipoandikwa kwamba walioanza mapema watasalimika. Asilimia 77 ya 2,976 ni dola 2,291. Asilimia 77 ya 1,920 ni dola 1,478. Kukimbilia hundi ndogo kwa hofu ya kupunguziwa ni kujipunguzia mwenyewe kabla ya wao.

Bi Mkubwa wa Houston

Nimesoma yote, baba, na nimeona niseme kwa kuwa mimi niko upande ule wa pili unaouzungumzia.

Marehemu mume wangu alizaliwa mwaka 1950. Umri wake kamili ulikuwa 66, na kiasi chake cha msingi kilikuwa dola 2,000. Alianza akiwa na 62, akawa anapokea 1,500. Hakuna aliyemlazimisha, alikuwa amechoka, na sikumpinga, kwa kuwa wakati ule hatukujua kwamba tunaamua jambo la watu wawili. Mimi nami nilipofika 62 nikachukua ya kwangu, dola 900 hivi. Zikawa 2,400, tukaishi vizuri tu.

Alifariki mwaka 2023. Malipo ya mwezi aliofariki yalikuwa yameingia benki, yakarudishwa, kwa sababu mtu halipwi kwa mwezi ambao hakuumaliza. Nikapewa dola 255 za msiba, malipo ya mara moja. Nilimwuliza binti yangu kama nimekosea kusoma. Hakika ni dola 255, hata sanda na usafiri wa gari la maiti havigusi.

Kisha hundi yangu ya 900 ikageuka kuwa 1,650, ambayo ndiyo ile sakafu ya asilimia 82.5 unayoieleza. Watu waliniambia nishukuru imeongezeka. Lakini nyumba ilikuwa inapokea 2,400 na sasa inapokea 1,650, na mwenye nyumba hakupunguza kodi kwa sababu kitanda kina mtu mmoja. Kama marehemu angengoja hadi 66 ningekuwa na 2,000, na hadi 70 ningekuwa na 2,640. Simlaumu. Naandika ili vijana wa miaka 60 wasome.

Mzee wa Kibubu

Shikamoo mama, na pole sana. Mungu ampumzishe mzee.

Kwa faida ya wengine niongeze jambo ambalo lile sharti la kuomba vyote kwa pamoja haliligusi. Mafao ya mjane au mgane na mafao ya kustaafu ya mtu mwenyewe vinaweza kutenganishwa. Mjane anaweza kuanza mafao ya marehemu akiwa na miaka 60, ingawa wakati huo ni asilimia 71.5 tu ya kiasi kamili, akaacha ya kwake yakue hadi 70, kisha akahamia iwapo ya kwake yatakuwa makubwa. Au akaanza na ya kwake akiwa na 62, akahamia kwa marehemu akitimiza umri kamili. Aseme wazi anapojaza maombi kwamba anaomba kimoja tu. Na akiolewa tena baada ya kutimiza 60, hapotezi haki hiyo.

Nesi wa Minnesota

Asante kwa uzi, lakini kila mtu hapa anaandika kana kwamba mume ndiye mwenye hundi kubwa. Kwetu ni kinyume. Mimi ni nesi, nina miaka 62, kiasi changu cha msingi ni dola 2,600, na bado nafanya kazi kwa takribani dola 70,000 kwa mwaka. Mume wangu ana 67. Aliendesha teksi miaka mingi, fedha zikipita mkononi bila kutangazwa kwenye kodi, kwa hiyo ana krediti (alama za mapato yaliyotangazwa) 28 tu kati ya 40 zinazotakiwa. Hana mafao yake. Anasubiri nusu yangu, nami nikisubiri 70 atakuwa na 75. Kila asubuhi ananiuliza, "Mama, umeshaomba?" Hapo kikokotoo chako kinasemaje?

Mzee wa Kibubu

Dada, umenifanya nirudi mezani siku mbili nzima, kwa sababu kanuni yangu ya kwamba mwenye hundi kubwa angoje mpaka 70 kwenu haikai sawasawa.

Tuanze na leo. Wewe na yeye kwa pamoja mngestahili dola 3,120 kwa mwezi ukiomba sasa: 1,820 zako, kwa kuwa una 62, na 1,300 zake kamili, kwa kuwa punguzo la mwenza hufuata umri wake mwenyewe, naye ana 67. Inavutia. Lakini anayechukua kabla ya umri kamili huku anafanya kazi ana kikomo cha mapato, ambacho mwaka huu ni dola 24,480. Kila dola 2 zinazozidi hapo huzuiliwa dola 1. Kwa mshahara wako zingezuiliwa dola 22,760 kwa mwaka, na zinazuiliwa kwenye mafao yenu wote wawili, kwa sababu yake yanatoka kwenye rekodi yako. Fedha hizo hazipotei moja kwa moja; ukitimiza 67 hesabu yako hurekebishwa kwa miezi iliyozuiliwa. Hata hivyo, kuomba leo ukiwa na kazi kamili ni kujitafutia barua na usumbufu kwa faida ndogo. Kwa hiyo jibu la asubuhi ni kwamba asubiri angalau mpaka upunguze zamu.

Swali zito ni 67 au 70. Kwangu mimi, kungoja miaka hiyo mitatu kunanigharimu hundi yangu tu. Kwako kunagharimu 2,600 zako pamoja na 1,300 zake, yaani 3,900 kwa miezi 36, jumla dola 140,400. Unachopata ni nyongeza ya dola 624 kwa mwezi. Inachukua miezi 225 kurudisha, na hapo utakuwa unakaribia miaka 89. Bila mume mwenye kutegemea rekodi yako ingekuwa 82 na nusu. Na kwa kuwa yeye ni mkubwa kwako kwa miaka mitano, hoja ya kumwachia hundi nono inapungua nguvu: yamkini wewe ndiwe utakayebaki, na hundi yako utabaki nayo kwa vyovyote. Kwa maoni yangu msingoje hadi 70. Siku utakayoacha kazi, au 67, itakayotangulia, ndiyo ningeitazama.

Lakini kuna jambo jingine ambalo ningelisisitiza kwa mzee mwenyewe, nalo ni zile krediti 12 zilizopungua. Mwaka huu krediti moja inapatikana kwa mapato ya dola 1,890 yaliyotangazwa na kukatwa kodi, na mtu hawezi kupata zaidi ya 4 kwa mwaka. Dola 7,560 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, zinamfikisha 40. Hizo ni saa chache za kazi kwa wiki. Ameshavuka umri kamili, kwa hiyo kikomo cha mapato hakimhusu. Akifika 40 atakuwa na hundi yake, ndogo, lakini haitasubiri ruhusa ya ombi lako. Na bima ya hospitali ya Medicare (mpango wa serikali wa matibabu ya wazee) isiyo na ada ya kila mwezi anaweza kuipata sasa hivi kupitia rekodi yako, kwa kuwa wewe umetimiza 62 naye ameshavuka 65; kama hajajiandikisha, afuatilie wiki hii.

Nesi wa Minnesota

Nimemsomea sehemu ya krediti 12. Amenyamaza, kisha ameuliza kama duka la binamu yake linahitaji mtu wa kukaa kaunta. Kwa kweli sikutegemea.

Mwana wa Kingani

Wakuu, mimi na mke wangu tunafikiria kurudi Mombasa tukistaafu. Mimi ni raia wa Marekani, yeye ana kadi ya kijani. Pia nilifundisha shule nyumbani miaka 15 na napata pensheni ndogo. Je, inahesabiwa?

Mzee wa Kibubu

Kwa raia, mafao yanakufuata Mombasa. Kwa mwenza asiye raia, akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita kuna masharti zaidi, mojawapo kuwa awe ameishi Marekani angalau miaka mitano mkiwa kwenye ndoa. Hakikisheni hilo kwa maandishi kabla hamjauza nyumba. Medicare, isipokuwa kwa hali chache mno, hailipii matibabu ya nje, kwa hiyo bajeti ya hospitali iwe mfuko wa pembeni.

Miaka yako 15 ya ualimu haiingii kwenye hesabu ya Marekani, kwa kuwa hakuna mkataba wa kuunganisha michango kati yake na Kenya, wala na Tanzania. Ila kuna heri moja. Zamani pensheni ya kazi isiyokatwa makato ya Social Security, hata ya nchi ya kigeni, iliweza kukupunguzia mafao. Kanuni hiyo ilifutwa kwa sheria iliyosainiwa tarehe 5 Januari 2025. Kama kuna mtu alikata tamaa ya kuomba kwa sababu ya pensheni ya nyumbani, ajaribu tena.

Dada Tausi

Na sisi tulioachika?

Mzee wa Kibubu

Ndoa ikiwa ilidumu miaka 10 kamili mpaka tarehe ya talaka kuwa halali kisheria, na wewe hujaolewa tena, unaweza kuomba kwa rekodi ya mtalaka wako ukiwa na 62. Talaka ikiwa imepita miaka miwili, hata yeye asipoomba, wewe unaweza, mradi naye ametimiza 62. Hapunguziwi chochote, wala mke wake wa sasa hapunguziwi, na huna haja ya kumpigia simu. Miaka tisa na miezi kumi haitoshi. Namfahamu mtu ambaye mwanasheria wake hakumwambia hilo, akasaini miezi miwili mapema.

Bi Mkubwa wa Houston

Baba, hujatuambia mama mwenyewe amesemaje. Umezungumza hesabu zake uzi mzima.

Mzee wa Kibubu

Umenishika, mama.

Nilipomaliza kumweleza zile dola 996, nilitegemea anishukuru. Akaniuliza, "Na hiyo miaka sita ya kungoja, tutakula nini ukiugua na lori ukashindwa?" Ni swali ambalo uani hawakuliuliza na mimi sikulipangia. Tukalifanyia kazi. Nina akiba ya kustaafu ya kampuni inayoweza kutuvusha takribani miaka mitatu tukijibana, na mshahara wake unaendelea. Tumekubaliana kwamba nikipata ugonjwa wa kunitoa barabarani kabla ya 67, tutaitumia akiba hiyo kwanza, na ikikauka nitaomba mwezi huohuo bila kuangalia kalenda. Nikipewa na daktari habari ya kwamba siku zangu ni chache, bado nisikimbilie kuomba, kwa sababu nikifariki kabla ya 67 bila kuchukua, mafao ya mjane yatapimwa kwa kiasi kamili cha 2,400. Nikichukua kwa haraka kabla ya kufa nitakuwa nimemshusha. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote, na mimi pia.

Kuhusu yake, amekataa kuamua sasa. Anasema 62 yake iko mbali, na kazi ya kuinua wazee inavunja mgongo, mgongo utamwambia.

Maombi yanapokelewa miezi minne kabla. Kwa hiyo ndani ya mlango wa kabati la vikombe tumebandika karatasi: "Juni 2032, omba. Oktoba 2032, anza." Chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kapime presha kila Jumamosi."